Vidole Vinne

Mama Nkulu wa Katuba hutengeneza majokofu.
Huweka sikio ubavuni mwa mashine
kabla hajagusa bisibisi,
na mwenye friji akianza kueleza ugonjwa, humnyamazisha:
"Iache iseme yenyewe."

Mimi ndiye niliyemjengea tovuti.
Miaka ile injini ya kutafuta ilikuwa bado mtoto:
ukirudia neno, inaamini.
Nikarudia. Fundi friji Lubumbashi, friji Lubumbashi fundi,
fundi bora wa friji Lubumbashi Katuba Kenya Ruashi,
mara arobaini na moja katika ukurasa mmoja,
na yaliyozidi nikayaandika meupe juu ya weupe,
unga uliomwagika kwenye shuka,
msomaji asiyaone, mashine iyalambe.

Tukawa wa kwanza.
Simu yake ililia mpaka katikati ya misa.
Akanipa jogoo, na mega za mwezi mzima.

Kisha usiku mmoja wa Machi,
huko wanakokaa wenye injini
(sijui ni wapi, hakuna aliyewahi kunipigia hodi)
kanuni ikageuka.
Kulipokucha tulikuwa ukurasa wa nne.
Ukurasa wa nne hauna watu. Hata mbwa hapiti.

Nikafuta maneno meupe. Nikasikia sasa wanataka marefu:
nikaandika maneno elfu mbili juu ya historia ya barafu,
mimi, ambaye barafu naijua ya mifuko ya sokoni tu.
Tukapanda hadi wa saba. Ikageuka.
Nikasikia wanataka viungo: nikanunua hamsini,
kutoka tovuti za kamari na za dawa ya upara.
Ikageuka, safari hii kwa hasira.
Nikasikia wanataka kasi: nikabana picha
hadi uso wa Mama Nkulu ukawa kipande cha tope.

Kila mara nilimwambia, "Bado kidogo."
Kila mara alilipa.

Mwaka huu injini haionyeshi hata njia.
Unauliza, inajibu yenyewe,
kama mtu aliyesimama mlangoni mwa duka la mwenzake
akiuza.

Tulikuwa ndani ya karakana, umeme umekatika tangu saa nne.
Nikajaribu kwa simu: friji haipoi, kwa nini?
Jibu likashuka, laini, halina jasho:
Acha nafasi ya vidole vinne kati ya friji na ukuta.
Mashine nayo inahitaji mahali pa kutolea pumzi.

Nikamsomea.
Akautazama mkono wake wa kushoto,
ule ambao kidole chake cha tano kilibaki
kwenye feni ya friji ya baa moja, Kamalondo.
"Hiyo ni miye," akasema.

Ni yeye. Aliyatamka siku ya kwanza,
nami nikayaweka chini kabisa,
chini ya fundi friji wa arobaini na moja,
kuziba pengo.

"Na jina yangu iko wapi?"
Nikashuka na kidole, nikashuka. Halikuwepo.
"Basi weye nilikuwa nakulipa ya nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Ningependa angeuliza kwa ukali.

Umeme ukarudi. Majokofu saba yakashtuka pamoja,
naye akainuka kuyasikiliza, moja, moja.
Nikafungua kompyuta, nikaanza kufuta.
Barafu yote ya dunia. Ruashi. Bora. Hamsini za kamari.
Nilipomaliza zilibaki sentensi sita, zote za kinywa chake,
na namba ya simu, mara moja tu.
Kama injini itazipenda, sijui.
Kesho huenda ikageuka tena.

Nikajinyoosha, nikaegemea
kati ya ukuta na friji kuukuu ya kijani.

"Sogea," akasema bila kugeuka.
"Uko naiziba pumzi."